Chumvi Niliyoiacha Uwanja wa Ndege

Mama alinikabidhi kifurushi asubuhi ya kuondoka, lori la mpunga likiwa limeshawashwa na mimi nikiwa nimeshapanda mbele kwa dereva. Kilikuwa na ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga, kimefungwa kwa majani makavu na kuzungushiwa kamba ya gome mara nyingi. Kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana.

"Hii ni ya mama wa nyumba utakayofikia," alisema kwa lugha ya kwetu. "Huwezi kuingia kwa watu mikono mitupu. Mwambie nimeichemsha mwenyewe."

Nilikipakata. Nikasema asante. Nilitaka tu lori liondoke.

Kwetu ni Ivuna, upande wa ziwa Rukwa. Siku hizi tunaitwa Mkoa wa Songwe, lakini wakati ninaousema, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulikuwa bado Mbeya, na ukimwambia mtu wa Mbeya mjini kwamba unatoka Ivuna alikuuliza kama kuna barabara. Wenye ng'ombe walichunga, wengine walilima, na wakati wa kiangazi wanawake kama Mama walichemsha chumvi. Udongo wenye chumvi unakwanguliwa juu juu, unatiwa kwenye chujio la majani, unamwagiwa maji, na yale maji machafu yanayodondoka unayachemsha kwenye pipa lililopasuliwa katikati mpaka yakauke. Kinachobaki ni chumvi ya rangi ya majivu, ina uchungu kidogo mwishoni, na mboga iliyotiwa chumvi hiyo naitambua hata leo nikiwa nimefumba macho. Ni kazi ya moshi na joto. Kwa moshi huo Mama alinisomesha mpaka nikafika chuo cha ualimu, baba akiwa ameshafariki nikiwa darasa la tatu.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni ulipokuja mpango wa wanafunzi wa ualimu kwenda kusoma mwaka mmoja Ufini. Nchi nzima zilitolewa nafasi nne. Mkuu wa chuo aliniita ofisini, akanipa barua, nami nikaisoma nimesimama kwa sababu hakuniambia nikae. Nilipokwenda kumweleza Mama, hakuniuliza Ufini ni wapi. Aliuliza nitalala kwa nani. Nilimwambia kila mwanafunzi amepangiwa familia, na kwamba wangu ni mama mmoja mjane anayepika kwenye shule.

"Mjane," Mama alirudia. Nadhani hapo ndipo alipoanza kuifikiria ile chumvi.

Tunduma nilipokelewa na mzee mmoja mwenye malori, Mwislamu wa kutoka Kondoa, aliyekuwa amehamia pale kwa ajili ya biashara ya kuvuka mpaka. Malori yake yalikuja kwetu kuchukua mpunga na samaki wa ziwani, ndivyo alivyofahamiana na Mama. Sanduku lake la posta ndilo tulilotumia, maana sisi hatukuwa nalo. Mkewe alinipikia, akaninyooshea nguo, akanipa na sweta la mwanawe. Kesho yake mzee alinisindikiza stesheni ya TAZARA, akaniombea dua nikiwa nimeinamisha kichwa, kisha akasema, "Barua zako zikija nitampelekea mama yako kwa mkono wangu, mwanangu. Wewe andika tu." Nilimuahidi nitaandika.

Nilipofika Dar es Salaam ndipo nilipoanza kukionea haya kile kifurushi. Tulikuwa wanafunzi wanne, wasichana wawili na wavulana wawili. Msichana mwenzangu alikuwa wa Dar. Alikuwa na sanduku lenye magurudumu na pochi inayofanana nalo. Mimi nilikuwa na begi la plastiki la mistari, lile la wasafiri wa mpakani, na kifurushi cha Mama kilikuwa juu kabisa kwa sababu chini kingeponda vitu. Kila nilipofungua zipu majani yalichungulia. Yalikuwa yamebeba harufu ya moshi wa nyumbani, na ndani ya ndege harufu ile ilikuwa kama inaongezeka. Mwenzangu alinusa, akaangaza huku na huku, mimi nikageukia dirishani.

Tulifika Helsinki mchana. Niseme ukweli, sikumbuki vizuri jengo lile, nakumbuka sakafu. Ilikuwa inang'aa kiasi kwamba niliogopa kukanyaga. Tulipanga foleni kwenye meza ya forodha, na wengi walipita bila kufunguliwa mizigo, lakini begi langu afisa alilinyooshea kidole. Alikuwa mtu mzima, mwenye nywele nyeupe, hana haraka. Alifungua zipu, akakitoa kifurushi, akakipima kwa mkono.

"Hiki ni nini?" aliuliza kwa Kiingereza.

Neno la Kiingereza la chumvi nilifundishwa darasa la nne. Nililijua kama ninavyolijua jina langu. Nyuma yangu walikuwa wamesimama wenzangu watatu.

"Sijui," nilisema. "Kuna mtu alinipa."

Kuna mtu. Nimeishi na maneno hayo miaka mingi.

Afisa aliniangalia kidogo. Alikata kamba kwa kisu chembamba, akafunua majani taratibu, jani moja moja, kwa adabu, kana kwamba anamfungulia mtu barua. Chumvi ilikuwa imeshikana kama donge. Alikwangua kwa ukucha, akaweka ulimini. Kisha akasema neno la kwao, akalirudia kwa Kiingereza, akatabasamu. Chumvi. Alikifunga kifurushi upya kadiri alivyoweza, akakizungushia utepe wa gundi, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Shoga!" mwenzangu wa Dar alicheka. "Umebeba chumvi kutoka Tanzania mpaka Ulaya? Ulidhani huku hawana? Au ni ya mganga?"

Wavulana wakacheka. Hawakuwa na ubaya. Tulikuwa tumechoka, na uchovu unachekesha. Mimi nilicheka kuliko wote. Nikasema, "Ni watu wa kijijini kule, wewe acha tu."

Niliomba kwenda chooni. Kulikuwa na pipa la taka, refu, la bati linalong'aa, na mfuniko wa kusukuma. Nilisukuma mfuniko, nikakiachia kifurushi. Kilitoa kishindo kikubwa kuliko nilivyotarajia, nami nikashtuka, nikarundika juu yake karatasi za kufutia mikono mpaka kisionekane. Nilinawa mikono mara mbili. Chembe za chumvi zilikuwa zimenasa kwenye mikunjo ya vidole.

Halafu nikatoka, na nje ya kioo alikuwa amesimama mama mwenyeji wangu, mfupi, mnene, ameshika karatasi yenye jina langu lililokosewa herufi mbili. Alinikumbatia kabla hata sijasalimia. Nilisimama pale mikono mitupu.

Mji wake ulikuwa safari ya saa tatu kwa basi. Njia nzima ni misonobari na maji, misonobari na maji, na jua halitaki kuzama. Nyumba yake ilikuwa ndogo, ya mbao, rangi nyekundu iliyofifia. Nilipewa chumba cha mwanawe wa kiume aliyekuwa ameshaondoka nyumbani. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kama Kiswahili cha Mama, na labda ndiyo sababu tulielewana upesi. Tulionyeshana vitu, tukataja, tukacheka. Jumamosi ya kwanza alinipeleka kwenye kibanda cha mvuke, ambako kwao watu wanaingia bila nguo hata moja, mama na binti pamoja. Nililia kwa aibu. Alinifunga taulo, akakaa nami pale nje kwenye ngazi mpaka nikatulia, na baada ya wiki mbili nilikuwa naingia mwenyewe. Alinifundisha kula mkate wao mweusi, mchachu, mgumu. Alinifumia soksi. Sikuwahi kumkosea kwa jambo lolote ila lile ambalo hakulijua.

Barua ya kwanza kwa Mama niliiandika mwezi wa tisa. Nilijua itasomwa na mzee wa Tunduma, au na katekista wa kijijini, na kwamba mtu wa kwanza kutajwa baada ya salamu lazima awe mama wa nyumba, na kitu cha kwanza kuulizwa ni chumvi. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kuandika kwamba imepotea. Badala yake nikaandika hivi, na nakumbuka neno kwa neno kwa sababu barua hiyo Mama aliitunza na mimi nimeiona tena: "Mama, chumvi yako imefika salama. Mama wa hapa aliifurahia sana, ameiweka kwenye bakuli la kioo mezani, kila mgeni akija anaonjeshwa, na wote wanasema hawajawahi kuonja chumvi kama hiyo."

Niliona nimefanya jambo jema. Nilitia stempu, nikaenda darasani.

Mwezi wa kumi na moja yule mwana wa mama mwenyeji alihamia nyumba mpya, naye mama akanichukua twende kumtembelea. Theluji ilikuwa imeshaanza. Mama mwenyeji alikuwa amebeba kikapu, na mlangoni, kabla hajavua koti, alitoa mkate mzima mweusi na kifuko kidogo cha kitambaa, akampa mwanawe. Mwana aliinama kupokea, kijana mrefu vile, akawa kama mtoto kanisani.

"Kuna nini kwenye kifuko?" nilimuuliza mama mwenyeji.

"Chumvi," alisema. "Kwetu huwezi kuingia nyumba mpya bila mkate na chumvi. Ukileta chumvi, unaibariki nyumba."

Alieleza zaidi, kwamba mama yake alifanya hivyo na bibi yake alifanya hivyo, lakini mimi nilikuwa sisikii. Tulipokaa kula sikugusa chakula. Alidhani nimepata mafua, akanishika paji la uso. Tukarudi mapema kwa sababu yangu.

Siku ile ningeweza kumwambia. Tulikuwa wawili tu kwenye basi, saa nzima. Nilipanga sentensi za Kiingereza kichwani, nikazipanga tena, na kila nilipofika kwenye neno chooni nilirudi mwanzo. Tuliposhuka nilikuwa sijasema kitu.

Kifurushi cha pili kilifika mwezi wa pili, na hakikufika kwangu. Mzee wa Tunduma alimpa mtu wake aliyekuwa anakwenda Dar, na huko kikapokewa na mwalimu mmoja Mfini wa ule mpango wetu aliyekuwa anarudi kwao, naye akakileta mwenyewe nyumbani mimi nikiwa darasani. Niliporudi, nilikuta viatu vya wageni mlangoni. Mama mwenyeji alikuwa amewaita mwanawe, mkwewe na jirani. Mezani kulikuwa na vikombe vya kahawa, na katikati ya vikombe, majani makavu na kamba ya gome. Kilikuwa kikubwa mara mbili ya kile cha kwanza.

"Mama yako!" mama mwenyeji aliniambia, macho yamelowa. "Mama yako amenitumia chumvi!"

Kulikuwa na barua pia, ya Kiswahili, kwa mwandiko wa katekista. Alinipa mkononi, akaketi, akakunja mikono mapajani.

"Tusomee," alisema.

Niliisoma kwanza kwa macho. Ilikuwa fupi. Mama alimsalimu mama mwenyeji, akimwita dada yake wa mbali. Alisema anamshukuru kwa kumpokea mwanawe. Kisha akasema: "Nimesikia kwamba chumvi yangu ya kwanza umeiweka kwenye bakuli la kioo na wageni wanaionja. Habari hiyo nimewaambia wenzangu wote ninaochemsha nao. Nikaona ile ya kwanza itakuwa imekwisha. Hii nimeichemsha mvua ikiwa inatufukuza, kwa hiyo si nyeupe sana, unisamehe. Ya mwaka ujao itakuwa nzuri zaidi."

Walikuwa wananitazama, watu wanne.

Nikaanza kutafsiri. Salamu nilizitafsiri zote. Shukrani nilizitafsiri. Nilipofika kwenye chumvi ya kwanza nikairuka, nikasema, "Anasema hii ni chumvi ya kwetu, ameichemsha mwenyewe, mvua ilikuwa inawafukuza, kwa hiyo umsamehe si nyeupe sana." Bakuli la kioo sikulitaja. Wenzake ninaowajua kwa majina, waliokuwa wameambiwa wote, sikuwataja.

Mama mwenyeji aliamka. Alifungua kabati, akatoa bakuli dogo la kioo lenye mfuniko, la kurithi, ambalo nilikuwa sijawahi kuliona likitumika. Akalijaza chumvi ya Mama. Akaliweka mezani. Kila mtu akachovya kidole, wakaonja, na jirani akasema kitu ambacho mkwe alinitafsiria: hajawahi kuonja chumvi kama hii.

Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji bila koti. Mwana wa mama mwenyeji alinifuata, akaniuliza kama nimekumbuka nyumbani. Nikasema ndiyo.

Nilirudi mwezi wa sita. Treni ilituteremsha Tunduma mchana, vumbi, malori yamepanga mstari hadi mpakani, wauza fedha wakiita kwa Kiswahili na Kibemba. Nilikuwa nimenenepa na nina sanduku lenye magurudumu. Mzee wa malori alifurahi, akanikalisha kwenye kibaraza cha duka lake, mkewe akaniletea soda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mtu mzima. Mama yako anaendeleaje sasa? Mkono umepona?"

"Mkono gani?"

Alimwangalia mkewe. Mkewe akaangalia chini.

"Hukuambiwa? Nilidhani baadaye alikuandikia," mzee alisema. "Basi nimekosea kusema, lakini nimeshasema. Alikuja hapa mwenyewe kuleta ule mzigo, mwezi wa kumi na mbili, kwenye lori langu. Mkono wa kulia umefungwa khanga kuanzia hapa mpaka hapa. Nilimwambia tukuandikie. Akasema usiandikiwe, utashindwa kusoma. Nikamwambia basi aniachie mzigo nitafute mtu, yeye aende hospitali. Akasema hapana, mpaka aone mimi mwenyewe nimeupokea. Aliniambia Wazungu wako wameipenda sana chumvi yake."

Soda ilikuwa mkononi mwangu. Niliiweka chini.

Habari kamili niliipata Ivuna, na si kwa Mama. Wenzake ndio walionisimulia. Barua yangu ilisomwa mwezi wa kumi, kiangazi kinakwisha, wengine wameshaacha kuchemsha wanatengeneza mashamba. Yeye akarudi peke yake kukwangua udongo. Mvua za kwanza ziliwahi. Siku moja wingu lilipokuja aliharakisha kusogeza pipa likiwa linachemka, jiwe moja la figa likateleza, maji yakammwagikia mkono kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Alipona, lakini ngozi ilijikunja, na vidole viwili vya mwisho havikunyooka tena. Alikuwa akivitumia kunishika bega alipokuwa akinikagua siku niliyofika, huku akicheka, "Tazama ulivyonawiri!" Vilinigusa kama kucha za ndege.

"Pole kwa mkono, Mama," nilisema.

"Aa, huu? Umeshapona huu. Hebu niambie, ile ya pili waliionaje?"

"Waliipenda," nilisema, na hiyo ilikuwa kweli. "Waliiweka kwenye bakuli la kioo."

"Lile lile?"

"Lile lile."

Aliendelea kutuma. Kila mwaka, kifurushi kimoja, kwa mkono ule. Mimi nilikuwa nimepangiwa kufundisha Tunduma, na kilipita kwangu. Nilikipeleka posta mwenyewe, nikalipia, nikajaza fomu, na kwenye nafasi ya kuandika kilichomo niliandika chumvi, kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa. Mama mwenyeji alijibu kila mara. Alituma soksi, picha, mbegu za maua ambazo hazikuota kwetu. Nilikuwa natafsiri barua za wote wawili, na kila ya Mama ilipogusa ile ya kwanza niliichuja. Nilikuwa stadi wa kuchuja. Niliolewa, nikazaa watoto wawili, nikawa mwalimu mkuu msaidizi, na kazi hiyo ya kuchuja sikuiacha.

Kisha mama mwenyeji akaandika kwamba amestaafu, amejiwekea akiba, na anakuja. Hakuwa anakuja kuona wanyama kama Wazungu wengine. Alitaka kuona mahali chumvi inapochemshwa, na mwanamke anayeichemsha.

Ndipo nilipokwenda kumwambia Mama. Ningependa kusema nilikwenda kwa sababu dhamiri ilinishinda. Haikunishinda, nilikuwa nimeishi nayo vizuri tu, ninakula na kulala. Nilikwenda kwa sababu niliogopa kuumbuka. Wale wawili wakikaa pamoja, hata kwa ishara za mikono, ya kwanza ingetajwa.

Nilimkuta jikoni, asubuhi, anachambua maharage kwenye ungo. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza yote, uwanja wa ndege, afisa, wenzangu, pipa. Sikulia. Nilisema haraka kama mwanafunzi anayesoma aliyokariri.

Alikuwa amesimamisha mkono juu ya ungo. "Uliitupa wapi?"

"Kwenye pipa la taka. La chooni."

"Chooni."

"Ndani ya pipa, Mama. Ila lilikuwa mle chooni."

"Na yule askari wao aliyeionja, alikuzuia usiingie nayo?"

"Hapana. Alinirudishia."

Akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa nje. Akaokota kingine. Kuku wakakimbilia, wakaona si chakula, wakaondoka.

"Ulionea haya chumvi," alisema, "au ulinionea haya mimi?"

Jibu nilikuwa nalijua. Nililijua tangu niliposema kuna mtu alinipa.

"Sijui, Mama."

Alinitazama. Kisha akarudi kwenye maharage, na kwa kuwa vile vidole viwili havikunjuki, alikuwa anachambua kwa vitatu, upesi upesi, kama alivyozoea. Hakusema amenisamehe. Hakusema hajanisamehe. Mchana alinipakulia chakula kama kawaida, na nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani kama kawaida. Ila hakunitazama usoni.

Mama mwenyeji alikuja mwezi wa nane, kazi ya chumvi ikiwa imekolea. Nilimpokea Tunduma, nikampeleka Ivuna kwa gari la kukodi. Alikuwa amezeeka, magoti yanamuuma, lakini aliposhuka alitembea moja kwa moja hadi kwa Mama bila kuonyeshwa ni yupi. Walishikana mikono. Aliuona ule mkono wa kulia, akaugeuza taratibu, akaniangalia akitaka kujua.

"Ameuliza nini?" Mama aliniuliza.

"Hajauliza bado. Anataka kujua mkono umefanya nini."

"Mwambie moto ni kazi yetu."

Nikamwambia. Tukaenda kwenye mapipa. Wenzake Mama walikuwa wamevaa khanga mpya, wamepanga vigoda, mmoja amepika viazi. Mama mwenyeji alionyeshwa udongo, chujio, maji yanavyodondoka. Alikwangua mwenyewe kidogo, watu wakapiga vigelegele. Kisha mmoja wao, mama mtu mzima aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, akanigeukia.

"Mwulize," alisema. "Ile ya kwanza kabisa, uliyokwenda nayo wewe, iliyotuletea sifa hapa. Mwulize ilikuwa bora au hizi za sasa?"

Wote walikuwa wanasubiri. Mama mwenyeji naye alikuwa ananiangalia, anatabasamu, anangoja atafsiriwe. Nilifungua mdomo.

"Ile ya kwanza haikufika," Mama alisema.

Wanawake wakamgeukia.

"Ilipotea njiani," aliendelea, akichochea moto, hatazami mtu. "Mtoto aliona aibu kuniambia, akaandika kwamba imefika ili nisiumie. Mimi mwenyewe nimejua juzi tu. Ndege zile zinapoteza mizigo."

"Jamani," mmoja alisema. "Kumbe."

"Mtafsirie mgeni," Mama aliniambia. "Asije akadhani tunamsema."

Nilisimama mbele ya mama mwenyeji, nikamweleza kwa Kiingereza kwamba miaka ile, nilipokuja kwake mara ya kwanza, Mama alinipa chumvi nimletee, na kwamba ilipotea njiani. Sikupunguza neno, sikuongeza. Akaweka mkono kifuani, akasema kwa lugha yake maneno ambayo sikuhitaji kufafanuliwa. Akainama kwa shida, kwa magoti yale, akamshika Mama begani kumpa pole. Mama aliweka chini kijiti cha kuchochea moto, akaipokea ile pole kwa mikono yote miwili.